Kidonda cha sindano ya bega usikihangaikie

Nimestaafu unesi, lakini hapa Makorora, Tanga, baraza yangu imegeuka kliniki. Wanaokuja wengi ni kina mama wa uzazi wa kwanza: mtoto alichomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, alipozaliwa, bega likatulia, sasa ana mwezi kimetoka kipele chenye usaha.

Mwanangu, hapo chanjo inafanya kazi yake. Kipele hutokea kati ya wiki ya 2 na ya 6, hupasuka, hukauka chenyewe na kuacha kovu baada ya miezi miwili mitatu. Mwogeshe mtoto kama kawaida, kausha bega kwa kitambaa safi bila kusugua, mvalishe nguo ya pamba isiyobana, maana joto la Tanga mnalijua. Usikamue, usibandike plasta. Usinyunyizie unga wa vidonge vya rangi mbili wala kupaka dawa ya meno, hata bibi yake aseme nini. (Atasema.)

Ila papasa kwapa la upande uliochomwa. Tezi ikizidi ukubwa wa punje ya mahindi, ikilainika au kutoa usaha, au kidonda kikizidi kupanuka, nenda kliniki na kadi yako. Tezi hiyo haipasuliwi nyumbani. Mtoto anayefuatiliwa kwa VVU asisubirishwe hata siku moja.

Sindano za paja, za wiki ya 6, 10 na 14, huleta uvimbe na maumivu ya siku mbili tatu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa mkono. Weka kitambaa cha maji baridi. Kukanda kwa maji moto acheni. Akilia sana, parasetamo ya maji kwa kipimo cha uzito wake, kamwe si aspirini. Kigololi kigumu kisichouma kikibaki wiki kadhaa, kiache.

Vipele baada ya chanjo ya surua hutoka kama siku ya 7 hadi ya 12, huisha vyenyewe.

Cha kukimbilia kliniki ni hiki: mabaka ya kuwasha mwili mzima, midomo kuvimba, kupumua kwa shida, mtoto kulegea. Mara nyingi huanza ndani ya nusu saa, ndiyo maana manesi huwang'ang'aniza mkae kwenye benchi. Dawa yake ni adrenalini ya sindano. Vidonge vya mzio havitoshi. Ukiwa umeshapanda bajaji, mwambie dereva ageuze, na hakikisha nesi ameandika tukio hilo kwenye kadi kabla ya chanjo inayofuata.