Breki za baindingi kwa skii za mtaani: toa au acha?

Kama unateleza mtaani, Helsinki au Minneapolis huko kwenye reli za ngazi (vile vyuma vya kushikia), mi nakwambia acha breki zibaki kwenye baindingi, kile kifaa kinachoshika buti kwenye skii. Buti ikichomoka springi inashusha vikono viwili vya breki vinakwaruza theluji skii isimame, na mjini chini ya ngazi kuna magari na watu wanapita, skii ikikimbia yenyewe ni balaa.

Ishu ni vikono kunasa kwenye reli, so pima kiuno cha skii kwanza, yaani upana wake pale katikati palipo pembamba, kama ni milimita 90 chukua breki ya 90 au 95 hivi, ya 115 itatokeza nje tu. Ingiza buti uone kama vikono vinapanda vizuri.

Ukizitoa, funga skii na buti kwa kamba, ila ukianguka skii inaweza kukurudia usoni aisee.