Ukitoka jukwaani kwenda mbele ya kamera

Siku yangu ya kwanza kwenye filamu nilitamka sentensi moja tu, fundi wa sauti akavua vipokea sauti masikioni. Nilikuwa nimecheza jukwaani miaka kumi na moja, nimezoea kumtafuta mtazamaji wa kiti cha mwisho. Pale kiti cha mwisho hakipo. Kuna lenzi, na kinasa sauti kilichobandikwa kifuani ndani ya nguo.

Basi anza na sauti. Sema kama unayeongea chumbani na mtoto amelala. Ila ukishusha sauti usishushe na moyo. Wengi hupotelea hapo, wakawa kama wanasoma tangazo.

Kamera ikikukaribia usoni, mtazame mwenzako jicho moja tu, lile lililo upande wa kamera. Ukihamahama jicho hili na lile, kwenye skrini unaonekana una la kuficha.

Mikono nayo ina kumbukumbu yake. Ukiinua kikombe kwa mkono wa kushoto kabla ya kusema "sikujua", kila mkirudia ni mkono huohuo, neno lilelile, la sivyo vipande havitaungana. Mimi nilijitia ubunifu, na uchezaji wangu bora kuliko wote siku ile ukatupwa kwa sababu ya kikombe.

Kinachochosha hasa ni mpangilio. Sini, yaani vipande vya hadithi, za mahali pamoja hupigwa kwa mkupuo, kwa hiyo asubuhi unamzika mume, jioni ndiyo kwanza anakutongoza. Kwenye mswada, pembeni mwa kila sini, mimi huandika mambo matatu: nimetoka wapi, najua nini, mwili ukoje. Kwa mfano: "Sini 41. Nimetoka hospitali kwa miguu. Sijajua bado kuwa dada ndiye aliyechukua hela. Visigino vinawaka." Hicho kisigino kimeniokoa mara nyingi kuliko machozi.

(Na usiseme umechelewa. Sarah Bernhardt, gwiji wa jukwaa wa Ufaransa aliyezaliwa 1844, alipigwa filamu mwaka 1900 akicheza pambano la upanga la Hamlet, mwanamfalme wa tamthilia ya Shakespeare.)

Tukirudi kwenye machozi: yawekee akiba. Mara nyingi picha pana, ile ya kamera ikiwa mbali, hutangulia, ya uso hufuata. Ukimaliza kilio kwenye picha pana, kamera itakapokusogelea itakukuta mkavu. Kabla hamjaanza muulize mwongozaji, "Hii ni pana au ya karibu?" Akisema pana, cheza kwa ukweli, lakini ndoo usiimwage.