Jinsi ya kusoma MRI ya difyusheni ya ugwe wa mgongo bila kudanganyika

Haya, kabla hata hujafungua picha uliza dalili zimeanza lini na zimekuja kwa kasi gani, sababu difyusheni inapima maji yanavyotembea ndani ya tishu na jibu lake linategemea sana muda. Mtu aliyekuwa mzima halafu miguu ikaisha nguvu ndani ya masaa machache, huyo ndo hasa wa kumfanyia. Kiharusi cha ugwe wa mgongo masaa ya mwanzo T2 (picha ya kawaida ya MRI) inaweza kuonekana safi kabisa wakati DWI (picha yenyewe ya difyusheni) ishaanza kung'aa.

Sasa ukiona panang'aa tulia kwanza. Fungua ADC, yaani ramani ya maji yanavyotembea kwa kiasi gani, nenda levo ileile, kama hapo pamekuwa peusi basi maji yamebanwa kweli, ila kama na ADC inang'aa huo ni mwanga wa T2 tu umepenyeza, na hapa ndo wengi wanapoteleza. Halafu angalia slaisi za kukatiza: vidoti viwili upande wa mbele, kama macho ya bundi, vinakuelekeza kwenye kuziba kwa mshipa wa damu wa mbele wa ugwe, japo ugwe uliobanwa na disiki muda mrefu nao unaweza kuleta vidoti hivyohivyo, ndo maana nimesema uliza historia.

Homa na maumivu makali ya mgongo? Tafuta usaha nje ya ugwe, ni mzito kwa hiyo DWI nyeupe, ADC nyeusi, ila dawa ya kontrasti bado utaihitaji.

Kwa ugwe wa shingo uliobanwa watu wanapenda FA, namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha maji yanafuata mwelekeo mmoja kiasi gani, ambayo hushuka nyuzi za neva zikiumia. Nzuri, lakini usichukue namba za mashine nyingine ukazifanya kipimo chako, na wala usimpeleke mtu operesheni kwa FA peke yake wakati hujamwona anavyotembea na anavyofunga vifungo. Zile picha za nyuzi za rangirangi (traktografia) zinazochorwa kutokana na difyusheni, kwenye uvimbe zinasaidia kuona nyuzi zimesukumwa au zimekatika, aina ya uvimbe bado ni kazi ya biopsi, yaani kukata kipande na kukipima.

Ugwe wenyewe una upana wa kama sentimita 1 tu, maji yanayouzunguka yanadunda na moyo, mifupa inapindisha picha, kwa hiyo mwombe mtu wa mashine apunguze eneo la picha na b (nguvu ya kipimo cha difyusheni) iwe kati ya 500 na 1000. Kama kuna skrubu za chuma levo hiyohiyo, difyusheni ya kawaida itakuchorea vituko tu, rudi kwenye T2.