Nishameza au sijameza? Namna ya kuishi na dawa za kila siku bila kubahatisha

Mie nina presha, huu mwaka wa saba, na mama yangu ana sukari tokea mie niko skuli, kwaio kwetu vidonge ni kama chumvi, havikosekani jikoni. Katika miaka yote hii nimeona kitu kimoja ambacho watu hawakisemi sana: kusahau kumeza kuna tabu yake, lakini tabu zaidi ni kutojua kama umeshameza. Mana aliesahau atakuja akumbuke, atauliza, atafanya lake. Lakini yule aliesimama mbele ya kabati na gilasi ya maji mkononi anajiuliza "hivi asubuhi nimekunywa au ilikuwa jana?", huyo hana jawabu, na atakaloamua lolote ni kubahatisha.

Ntakwambia ilivyotukuta. Siku moja nlimpa mama dawa zake na chai ya asubuhi, boflo na siagi, nkatoka nkaenda kazini. Saa nne dada yangu kaja kutoka Fuoni, kamkuta mama barazani, kamuuliza, "Mama, dawa umeshakunywa?" Mama akamwambia, "Sijui mwanangu, nahisi bado." Dada akampa. Sasa mama anatumia metformin na glibenclamide, na hii ya pili ndio yenye mambo, inashusha sukari hata kama tumboni hamna kitu. Kufika saa sita jasho linamtiririka mpaka kanga imerowa, vidole vinatetemeka, ukimsemesha anajibu mambo mengine kabisa. Bahati jirani yetu anaijua hali ile, akaja mbio akasema mpeni chai ya sukari sasa hivi, sukari ya kweli, vijiko vinne, na mkae nae anywe. Baada ya robo saa hivi akaanza kutujua, tukampa chakula, af tukampeleka hospitali vilevile, mana dawa ile ikishakuwa nyingi mwilini inaweza kuishusha sukari tena na tena kwa masaa mengi, usidanganyike ukaona kapata nafuu ukamuacha alale. Na ikiwa mtu hawezi kumeza au kazimia usimtilie kitu mdomoni, mkimbize.

Tulipokaa jioni kulaumiana hatukupata wa kumlaumu. Mie nlimpa kwa wakati, dada kauliza kabla ya kumpa, mama kasema alichokikumbuka. Kilichokosekana mule ndani ni alama, kitu cha kukitazama kikakwambia cha leo kimeshaliwa.

Kwaio anza na hapo, kabla hata ya alamu. Dawa iache alama.

Mie navofanya, nikinunua tu dawa nachukua maka peni, nageuza stripu upande wa karatasi ya fedha, kila kidonge nakiandikia siku yake, J3, J4, J5, mpaka mwisho, na tarehe pale ninapoanzia. Usitumie bairo ukakandamiza, utaitoboa. Asubuhi nikitia shaka naangalia, leo Jumanne, J4 kipo wazi, basi nimekula, khalas. Haina gharama na kidonge kinabaki ndani ya kifuniko chake mpaka saa ya kukimeza, jambo zuri kwa sisi wa huku kwenye unyevu, mana vidonge ukivitoa ovyo kwenye hewa hii ya bahari vyengine vinalainika.

Ukiwa na dawa za aina nyingi kama mama, stripu zinakuwa nyingi unachoka, hapo tafuta lile boksi la plastiki lenye vyumba vya siku saba, zipo zenye asubuhi na jioni, uliza kwenye maduka makubwa ya dawa. Hulipati? Tulianza na maganda ya kiberiti kumi na nne tuliyoyagundisha kwa gamu, juu ya kila moja tumeandika siku, na yalifanya kazi karibu mwaka mzima. Unalijaza mara moja kwa wiki, sisi ni Ijumaa baada ya sala watu wakishakula, na anaejaza ni mtu mmoja, mwengine anahakikisha. Muulize mfamasia kwanza kama dawa yako inaweza kutolewa kwenye kifuniko chake, mana zipo zisizotaka. Halafu lifunike na uliweke juu, mbali na watoto, kidonge kimoja tu cha sukari kinaweza kumuua mtoto mdogo na wao wakiona rangi rangi wanadhani peremende.

Kuna watu wanaligeuza kopo la dawa juu chini wakishameza, ndio iwe alama. Nimejaribu. Nyumba yenye wajukuu usijaribu.

Na kama mgonjwa anahudumiwa na zaidi ya mmoja, swali "umekunywa?" lipigwe marufuku kabisa. Hakuna kumuuliza mzee, unakwenda kutazama boksi. Sisi anaempa anapiga picha chumba kitupu anaituma kwenye grup la familia la WhatsApp, hata maneno haandiki, na kaka yangu yuko Pemba anaona vilevile.

Sasa tuje kwenye kukumbuka kwenyewe. Kila mtu atakwambia weka alamu. Sawa weka, lakini alamu ina mambo mawili. La kwanza ni saa zetu. Babu mmoja mtaani kwetu kawekewa na mjukuu alamu ya "saa mbili usiku", mtoto kaandika 2:00, siku tatu nyumba nzima inaamshwa usiku wa manane na babu anameza kidonge cha kulalia wakati ambao angekuwa keshalala zamani. Simu inahesabu kizungu: saa yetu ya asubuhi jumlisha sita, kwaio saa mbili asubuhi ni 8:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Hakikisha mwenyewe usimuachie mtoto.

La pili, alamu inalia pale ulipo, sio pale dawa ilipo. Umo kwenye daladala umebanwa, simu inalia, unaizima, unasema nikifika, ukifika umeshakutana na mambo mengine. Bora uifunge dawa na kitu ambacho unakifanya kila siku hata ukiwa na usingizi. Na sisi hapa tuna neema, tunaadhiniwa mara tano. Kwa huku kwetu nyakati za sala hazisogei hata saa moja mwaka mzima, kwaio ni saa nzuri kuliko ya ukutani. Dawa yangu ya presha ya mara moja kwa siku iko pembeni ya mswala, nikishasali alfajiri navuta tasbihi na kidonge kipo hapohapo. Na kinamama, siku zile ambazo hamsali, adhana haikatiki, kwaio usiseme nilisahau kwa sababu sikusali.

Ila angalia hesabu. Umeandikiwa mara tatu kwa siku, maana yake ni kiasi cha kila masaa manane, basi chukua alfajiri, adhuhuri na isha, zinakaribiana na hayo manane. Usichukue adhuhuri, alasiri na magharibi, kati ya alasiri na magharibi ni kama masaa matatu tu. Dawa inayotaka chakula kama metformin usiifunge na sala, ifunge na sahani: chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Dawa ya kukojosha, ile ya presha inayotoa maji, iwe asubuhi, ukiimeza usiku utakumbuka vizuri sana, kila saa, njiani kwenda chooni.

Na ile bahasha ya dukani yenye 1x3 au 2x1 usiondoke dirishani hujaielewa. Namba ya mwanzo ni vidonge vingapi, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Nimemuona mtu kwa macho yangu anakula kidonge kimoja mara mbili na kwenye karatasi ilikuwa viwili mara moja. Muulize yule aliekupa aseme kwa mdomo, sio aibu.

Ukisahau kweli? Kwa dawa nyingi ni hivi: ukikumbuka mapema meza, ukikumbuka na saa ya kidonge kinachofuata imekaribia kiache hicho kilichopita, endelea na ratiba yako. Usimeze viwili kufidia. Lakini dawa hazifanani, ya kifafa na insulini zina masharti yake, kwaio siku ya kliniki muulize daktari "nikisahau hii nifanye nini?" na jawabu uliandike kwenye boksi lenyewe.

Kuna kusahau kwengine ambako sio kusahau, na hapa wacha tuseme kweli. Mtu anajua dawa iko wapi, saa anaijua, lakini moyo hautaki. Amlodipine ilinivimbisha miguu mpaka viatu vya Idi havikuingia, nkawa "nasahau" siku mbili tatu kwa wiki. Wengine wakipewa captopril au enalapril wanapata kikohozi kikavu kisichoisha, wengine metformin inawaharibu tumbo wiki za mwanzo. Af presha yenyewe haiumi, unaamka mzima, unajiona umepona, shoga yako anakwambia kunywa habat soda uachane na sumu hizo. Habat soda mie nakunywa na sina ugomvi nayo, ila kidonge sijakiacha. Dawa ikikusumbua rudi useme, zipo nyengine, mie nilibadilishiwa ndani ya dakika kumi na miguu ikarudi. Miezi minne nlikuwa nateseka na kudanganya kwenye kliniki kwamba nameza kila siku. Na ukiacha ghafla dawa za presha na moyo kama atenolol au propranolol moyo unaweza kukurudia vibaya, kwaio hata kuacha kunataka daktari.

Ramadhani ndio inayovuruga wengi. Ulichokizoea miezi kumi na moja kinapinduka, chai ya asubuhi haipo. Usingoje mwezi uandame, nenda kliniki Rajab au Shaaban, waulize zipi zinahamia futari, zipi daku, na zipi zipunguzwe. Ya mara moja kwa siku mara nyingi inahama bila matata. Za sukari za kundi la glibenclamide na insulini ndizo hatari, mana mchana mzima huli, usizipange mwenyewe na wala usifate alivyopangiwa jirani. Kujitoboa kidole kupima sukari masheikh wengi wanasema hakuvunji funga, kwaio pima, na kwenye mashine inayosoma mmol/L ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6 fungua, utalipa siku nyengine. Mama mwaka mmoja alikataa kufungua akisema watu watamuonaje. Watu gani mama, uko ndani kwako.

Wa insulini, nyinyi mna mzigo wa ziada wa umeme. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hatuna haja ya kuhadithiwa. Chupa ambayo hujaifungua inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, na usiigusishe na sehemu ya barafu, ikiganda ndio imekufa, itupe. Ile unayoitumia nyingi zinakaa nje kiasi cha wiki nne kama hapana joto kali, soma karatasi yake. Umeme ukikatika siku nyingi chungu cha udongo kilichorowa, chupa ikiwa kwenye mfuko mkavu ndani yake, kivulini penye upepo, kinasaidia. Dirishani kwenye jua au kwenye gari lililofungwa, hapana.

Safari nayo. Ukivuka kwenda Pemba dawa ziwe kwenye mkoba unaoukalia, sio ndani ya begi linalopakiwa na magunia pale bandarini Malindi, mana begi linaweza kufika bandari ya Mkoani baada yako au lisifike. Chukua za siku zaidi ya unazokwenda, boti inaweza kusitishwa kwa upepo. Na msimu wa karafuu watu wanahamia kambini mashambani, wanakaa huko wiki kadhaa, dawa imeachwa mjini kabatini, hii nimeiona kwa ami yangu kila mavuno: anakumbuka kamba, anakumbuka gunia, anakumbuka mpaka redio. Sasa mkewe anazitia kwenye kopo la kahawa, ndani na karatasi ya jina la dawa na kiasi chake, kopo linakaa pamoja na kahawa yenyewe, na kahawa ami hajawahi kuisahau.

Mwisho ni kuishiwa, mana wengi hawasahau kumeza, wanasahau kununua, na inakuja kuisha Ijumaa jioni au mkesha wa Idi na duka limefungwa. Zikibaki za siku saba, nenda. Ndio mana kwenye stripu zangu nikifika kile kidonge cha saba kutoka mwisho siandiki siku peke yake. Naandika kwa rangi nyekundu: KANUNUE.