Neno la msibani: namna ya kuandaa mahubiri ya dakika 12

Neno la msibani lina nafasi ambayo mahubiri ya Jumapili hayana: hakuna wa kuthibitishiwa kwamba mwanadamu hufa. Jeneza liko mbele, wafiwa wako kwenye mkeka, na hata yule aliyekuja kwa sababu ni jirani tu amekwisha kupiga hesabu ya umri wake kimyakimya. Mhubiri anayemaliza robo tatu ya muda akisema maisha ni mafupi anapeleka maji baharini. Kazi yenyewe ni kuwavusha watu kutoka kwenye ufupi huo, ambao wanauona, mpaka kwa Kristo, ambaye wengi pale hawakuja kumsikia.

Mwongozo huu ni wa mwinjilisti, mzee wa kanisa, shemasi au mchungaji kijana aliyeambiwa jioni kwamba kesho saa nane mchana atahudumu neno.

Usiku: uliza kabla ya kufungua Biblia

Mtafute msemaji wa familia, si mfiwa mkuu, umwulize mambo haya. Marehemu aliitwaje na watu wa nyumbani, na jina hilo hutamkwaje? Ana umri gani? Familia inasema nini hadharani kuhusu chanzo cha kifo? Kama hawasemi, nawe usiseme, wala usizungukezunguke kwa mafumbo, kwa sababu watu watafumbua vibaya. Je, kuna mke mwingine au watoto wa nje watakaokuwepo? Ukitaja "mjane wake na watoto wake watatu" huku wa nne amesimama nyuma ya turubai, hakuna atakayesikia neno lako lililobaki. Mwisho, uliza nani hapo si Mkristo, na Wakristo waliopo ni wa makanisa gani.

Swali hilo la mwisho si la adabu tu. Wakatoliki huwaombea marehemu. Walutheri na Waanglikana wana utaratibu wa ibada ulioandikwa, na mara nyingi masomo yamekwisha pangwa. Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala mpaka ufufuo. Ukisema "sasa hivi anatuangalia kutoka mbinguni" katika familia ya nusu Wasabato, umewasha mabishano yatakayoendelea mpaka kuanua matanga. Sema lile ambalo wote wanalikiri: kwamba Kristo alifufuka, na kwamba walio wake watafufuliwa.

Andiko moja

Chukua andiko moja, lisizidi mistari sita. Kosa la kawaida kuliko yote ni kurusha mistari kumi kama mtu anayetupa mtama kwa kuku. Watu wamekesha, wamelia, jua linawapiga. Wataondoka na mstari mmoja, tena kama una bahati.

Kwa mzee aliyeshiba siku, Zaburi 90 inatosha. Mstari wa 10 unataja miaka sabini, na themanini kwa wenye nguvu, lakini usiufanye ahadi wala mzaha wa "muda wa nyongeza". Musa anayetajwa kwenye kichwa cha zaburi hiyo haahidi umri. Analalamika kwamba hata miaka hiyo hupita upesi. Uzito uko mstari wa 12: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Ni ombi. Tukiachwa wenyewe hatuhesabu. Zaburi hiyo hiyo, ukiisoma kwenye msiba wa mtu wa miaka 31, inamwambia mama yake kwamba mwanawe amedhulumiwa miaka 39. Hapo iache.

Kwa kifo cha ghafla, hasa ajali ya barabarani, kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni Yakobo 4:13–15, wafanyabiashara wanaopanga safari ya mwaka mzima bila kujua ya kesho: "Maana ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka." Msibani huhitaji kutafuta mfano wa mvuke. Nyuma ya nyumba kuna sufuria kubwa la chai juu ya mafiga, waambie watazame. Na pale Yakobo anaposema "Bwana akipenda", Waislamu waliokaa kwenye viti vya nyuma watatikisa vichwa kukubali, maana nao hawaiweki kesho bila kusema inshallah. Njia ya pili ni Luka 13:1–5. Yesu anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kisha anawageukia walio hai. Andiko hili linaua minong'ono ya "alifanya nini huyu?", na minong'ono hiyo huwa ipo.

Zaburi 39:5 ni nzuri lakini ina mtego wa lugha. Katika Biblia ya Union inasema siku zangu zimefanywa "mashubiri". Shubiri hapa ni kipimo cha mkono, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Vijana wengi wanajua shubiri ile chungu tu, ya dawa, na watadhani zaburi inasema maisha ni machungu. Kwa hiyo ukiisoma, nyosha mkono, tanua vidole, waonyeshe. Sekunde tano zinatosha.

Usiguse mfano wa tajiri mpumbavu wa Luka 12 kwenye msiba wa mtu aliyekuwa na mali. Ni andiko kali na la kweli, ila familia itasikia baba yao akiitwa mpumbavu kwenye maiki. Litafaa siku nyingine.

Msiba wa mtoto ni kazi ya peke yake. Usihubiri ufupi wa maisha hata kidogo. Wazazi wanaujua kuliko wewe. Dakika tano hadi saba zinatosha. Soma Marko 10:13–16, au maneno ya Daudi baada ya mwanawe kufa: "mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi" (2 Samweli 12:23). Usiseme "Mungu alihitaji ua la bustani yake". Hakuna andiko linalosema hivyo, na maneno hayo yanamfanya Mungu kuwa mwizi wa watoto.

Kama mtu amejiua, usitaje njia, usitoe hukumu, usikae kwenye "kwa nini". Warumi 8:38–39 inabeba siku hiyo. Kisha sema wazi, kwa sentensi mbili, kwamba aliyepo hapo na amelemewa asikae nalo peke yake: amwambie mtu leo. Nawe utaje watu wa kuambiwa, wewe ukiwa mmoja wao.

Kuzigawa dakika

Msemaji wa wastani kwenye maiki hutoa kama maneno 100 kwa dakika, kwa sababu maneno yetu ni marefu na spika zinarudisha sauti. Basi dakika 12 ni maneno 1200 hivi. Andika, kisha soma kwa sauti ukiwa na saa. Kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ya nyumbani, gawanya kwa mbili: una maneno 600 tu, na sentensi fupi zisizomkaba mkalimani katikati.

Dakika ya kwanza ni salamu na pole. "Bwana Yesu asifiwe" ni sawa, lakini ongeza "poleni sana na msiba" ili asiyeijua salamu ya kwanza naye aitikie. Mfiwa mkuu mtaje kwa heshima ya mahali hapo, Mama fulani au Mzee fulani, si kwa jina tupu. Mbili zinazofuata ni za kusoma andiko polepole. Ufupi wa maisha upe dakika tatu, zisizidi. Dakika tano ni za Kristo. Moja ni ya mwito na sala.

Hizo tano ndizo ambazo wengi huzifuja. Husema "mpokee Yesu" bila kueleza Yesu amefanya nini, kana kwamba jina lenyewe ni dawa. Panga mambo manne, kila moja kwa maneno ya kawaida. Kwanza, kifo hakikuanzia hospitali. Warumi 6:23 yasema "mshahara wa dhambi ni mauti", na mshahara ni kitu mtu anachokistahili. Pili, nusu ya pili ya mstari huo: "bali karama ya Mungu ni uzima wa milele katika Kristo Yesu Bwana wetu." Karama hailipwi. Hapa ndipo watu wa msibani hushtuka, maana wametoka kusikia wasifu wa marehemu ukihesabu wema wake, na wanadhani mbinguni kuna mizani. Tatu, gharama: Yesu alikufa kifo chetu na siku ya tatu akafufuka, ndiyo maana tunazika huku tukitumaini. Nne, mtu afanye nini: Warumi 10:9, kumkiri Yesu kwa kinywa kuwa ni Bwana na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua katika wafu.

Angalia neno "kuokoka". Tangu uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, neno hilo limebeba sura ya kundi: walokole. Mzee Mlutheri au Mkatoliki akisikia "okoka leo" huelewa "hama kanisa". Tumia neno hilo kwa kuwa ni la Biblia, lakini lieleze mara moja: kukabidhi siku zako zilizobaki kwa Yesu aliyekufa na kufufuka.

Mfano mzuri kwa wasiwasi wa "nimechelewa" ni mhalifu msalabani, Luka 23:42–43. Hakubatizwa, hakutoa sadaka, hakuwa na muda wa kurekebisha chochote. Alisema, "nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Ila upande wa pili wa Yesu palikuwa na mhalifu mwingine, aliyekuwa karibu vilevile, naye akamdhihaki. Taja wote wawili, la sivyo watu wataondoka wakipanga kutubu dakika ya mwisho.

Na marehemu mwenyewe? Kama alimkiri Kristo, sema hivyo kwa shukrani. Kama imani yake haikujulikana, au ilijulikana kuwa haipo, usimpeleke mbinguni ili kuifurahisha familia, wala usimpeleke motoni ili kuitisha. Sentensi hii inafaa: "Ndugu yetu yuko mikononi mwa Mungu aliye wa haki na wa rehema, sisi tuliobaki ndio tunaosemeshwa leo."

Mwito

Kunyoosha mikono mbele ya jeneza hatukushauri. Aliyelia usiku kucha atakubali lolote, na wengine wataona msiba umegeuzwa mkutano wa injili. Ongoza sala fupi, watu wakiomba moyoni, kwa sentensi zisizozidi tano: "Bwana Yesu, siku zangu ziko mkononi mwako. Nimekukosea, na siwezi kujiokoa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nipokee, uniongoze tangu leo. Amina." Kisha taja mahali: "Baada ya mazishi nitakuwa chini ya ule mwembe, mwenye kutaka tuzungumze aje." Halafu ukae hapo kweli, usikimbilie foleni ya chakula.

Mambo yanayoharibu siku

Ratiba itateleza. Mwili utachelewa kutoka mochwari, kwaya itaongeza wimbo, salamu za rambirambi za viongozi zitakula nusu saa, na wote wanataka kuzika kabla jua halijazama. Basi andaa neno moja kwa vipimo vitatu: dakika 12, dakika 6, na dakika 3 za kusimamia kaburini. La dakika 6 halipatikani kwa kusema haraka; ondoa ufupi wa maisha, bakiza andiko na Kristo.

Ongea na MC asubuhi neno liwe kabla ya kuaga mwili. Likiwa baada, vilio vimepanda, kuna aliyezimia anapepewa, na unahubiria migongo.

Andika muhtasari kwenye karatasi nene, herufi kubwa. Simu hufifia juani, na ujumbe wa pole huingia katikati ya sala. Mvua ikipiga turubai au mabati, nyamaza mpaka ipungue au ruka hadi kwenye sala. Kushindana nayo hukuchosha bure. Maiki ikizimwa na umeme, sogea karibu na wafiwa uongee nao. Walio nyuma watasogea wenyewe.

Usilie kwa makusudi, ila ukilia usiombe radhi. Yesu mwenyewe, akijua kwamba muda si mrefu angemfufua Lazaro, alilia machozi.

Kaburini sema kidogo mno: mavumbi kwa mavumbi kama utaratibu wa kanisa ulivyo, mstari ule ule uliosoma, sala. Usianze hoja mpya huku vijana wameshika makoleo.

Waliokuja chini ya mwembe, andika majina na mtaa wanaokaa, uyakabidhi kwa mchungaji wa karibu siku hiyo hiyo, maana daftari likikaa wiki moja kwenye mkoba husahaulika. Kwa mjane au mgane, rudi baada ya maturubai kushushwa na viti vya kukodi kurudishwa, siku ya kumi hivi, bila kwaya, ukiwa na mtu mmoja tu wa kanisa lake. Msomee tena ule mstari. Mara nyingi hakuusikia siku ya mazishi.