Somo: Kumtunza mnyama aliyekaushwa katika kabati la skuli

Assalaam alaykum wanachama. Nimeulizwa tena na tena kuhusu yale makabati ya vioo yaliyobaki katika maabara za skuli zetu, Unguja na Pemba: komba aliyejazwa pamba, ngawa mwenye macho ya kioo, nyoka ndani ya chupa. Wengi wanataka kuvitupa. Nawaombeni msitupe. Chui wa Unguja alielezwa kitaalamu na Pocock, mtaalamu wa wanyama wa Kiingereza, mwaka 1932, na leo vilivyobaki vya kushikika ni ngozi chache za kuhesabu kwa vidole.

Hatua ya kwanza: lebo. Kabla hujamgusa mnyama, tafuta lebo yake. Mara nyingi ni kikaratasi kilichofungwa kwa uzi mguuni, au kimebandikwa chini ya ubao aliosimamishwa. Kipige picha, kisha kinakili neno kwa neno pamoja na makosa yake. Niliwahi kushika ngozi ya kima punju (kima mwekundu wa Unguja) ambayo wino wa lebo umekuwa rangi ya chai. Nikaigeuzageuza mbele ya dirisha mpaka nikasoma "Jozani" na jina la mwezi. Bila mahali na tarehe, ile ngozi ni pambo la ukutani. Ikiwa navyo, ni ushahidi kwamba mnyama huyu aliishi msitu ule, wakati ule. Ukikuta lebo imedondoka chini ya kabati, usibahatishe ni ya nani. Itie bahasha peke yake, uandike ilikuwa karibu na mnyama gani.

Hatua ya pili: jikinge. Mafundi wa zamani walipaka ngozi sabuni yenye arseniki ili isiliwe na wadudu, na desturi hiyo ilifika hadi karne ya 20. Sumu hiyo haiishi nguvu kwa kukaa. Mchukulie kila mnyama wa zamani kuwa anayo. Vaa glavu na barakoa, usipulize vumbi kwa mdomo, na watoto wasimpapase hata kidogo. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya tatu: tafuta wadudu. Chukua tochi, umulike kwapani, chini ya masikio na kwenye nyayo. Unachotafuta ni vifunza vya kahawia vyenye manyoya, magamba matupu waliyojivua, na unga mwembamba uliorundikana chini. Manyoya yakitoka kwa mafungu ukiyagusa kwa brashi, ujue wameshaingia.

Hatua ya nne: baridi. Mtie katika mfuko wa plastiki, utoe hewa, uufunge kwa utepe wa gundi, kisha friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, wiki mbili hadi tatu. Umeme ukikatika na baridi ikapotea, anza kuhesabu upya. Akitoka, mwache ndani ya mfuko siku nzima, umande ubaki nje ya plastiki na si juu ya manyoya. Friza hiyo isiwe ya chakula.

Vumbi ni kazi ndogo: brashi laini, kufuata ulalo wa manyoya, bila maji. Kabati liwe mbali na dirisha na mbali na ukuta unaovuja.

MASWALI

Mwanachama wa Wete: Maalim, shikamoo. Huku kwetu karafuu hazikosi. Nikizimwaga kabatini si zitafukuza wadudu?

Marahaba mwanangu. Harufu haiui funza aliyekwisha ingia, na mafuta ya karafuu yanaacha madoa. Hata karafuu maiti naikataa, kwa sababu mvuke wake unawaumiza wanaofungua kabati.

Mwanachama wa Makunduchi: Masika iliyopita ngawa wetu aliota ukungu, tukamuanika juani. Tumekosea?

Mmekosea, lakini hamko peke yenu. Jua hufifisha rangi na kupasua ngozi midomoni na masikioni. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 ukungu hupata nafasi, kwa hiyo dawa ni feni na kabati lililotengwa na ukuta. Mkaushe kivulini, kisha ukungu uondoe kwa brashi nje ya jengo, barakoa usoni.

Mwanachama wa Fuoni: Chupa ya nyoka imepungua. Niongeze maji?

Usiongeze. Kama ni spiriti, iliyokimbia zaidi ni spiriti yenyewe, maji yamebaki, na nyoka ataoza. Inatakiwa spiriti ya asilimia 70. Kama inachoma macho ukiinusa kwa mbali ni formalini, dawa kali ya kuhifadhia miili. Ifunge, usichanganye, mwite mtu wa maabara.

Mwanachama wa Pete: Nimekuta kima punju kagongwa na gari asubuhi hii. Naweza kumkaushia skuli?

Usimchukue, analindwa na sheria. Mpige picha pale alipo, andika saa na mahali khasa, uwaite watu wa misitu sasa hivi, kabla mbwa hawajamfikia.