Karo ya porseleni hainywi maji: namna ya kuichagua na kuiweka kwenye nyumba ya Goma

Mtu akinichukua twende Birere, kwenye maduka, kununua karo, yaani vigae, uso wa karo siuangalii kwanza. Naigeuza mgongo juu, nachovya kidole kwenye chupa ya maji, nadondosha matone mawili matatu. Halafu ndiyo tunaongea bei.

Tone likizama mbele ya macho yetu na kuacha doa, hiyo ni karo ya udongo ya kawaida, nzuri kwa ukuta wa dushi au wa jikoni. Tone likibaki limekaa kama umande juu ya jani la mgomba, na mpaka mnamaliza kubishana bei bado lipo, hiyo ni porseleni. Huchomwa kwa moto unaofika digrii 1200 hivi, udongo wake ukafungana kabisa. Kwa vipimo vya kimataifa, karo haiitwi porseleni kama inakunywa maji kupita asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa sababu hiyo haichakai upesi, na kwa sababu hiyo hiyo haishikani na sima (saruji) ya kawaida. Nyumba nyingi nilizoitwa kurekebisha ziliharibikia hapo.

Mimi nilijifunza kazi kwa mjomba wangu, Majengo, miaka iliyofuata lava ya Januari 2002, mji ulipokuwa unajengwa upya juu ya mawe meusi. Mjomba alikuwa fundi wa kweli, lakini karo za siku zile zilikuwa za udongo. Tulizilowesha kwenye beseni mpaka zikaacha kutoa mapovu. Tukaweka chini vitumbua vitano vya sima na mchanga, vinne kwenye pembe na kimoja katikati, tukaweka karo juu, tukagonga kwa nyundo ya mpira hadi nivo, yaani pima maji, ikakubali. Karo ilivuta maji ya sima, sima ikaingia mwilini mwake, vikashikana. Porseleni zilipofika kwa wingi tuliendelea vilevile, kwa sababu kwa macho ni karo tu.

Mwaka 2013 niliweka hivyo saloni, yaani sebule, ya mama mmoja wa Mabanga, karo nyeupe za kung'aa, 60 kwa 60. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ikalipuka. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame, wengine wakakimbilia Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi. Mama aliporudi nyumbani alinipigia simu. Katikati ya saloni karo zilikuwa zimeinuka, zimeegemeana mbili mbili kama paa la kibanda. Nilitoa moja kwa mikono, patasi sikuihitaji. Mgongo wake ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa; herufi za kiwanda zilisomeka zote, na ule unga mweupe wa kiwandani ulikuwa bado juu yake. Chini, vitumbua vyangu vitano vimekaa vigumu kama mawe, vimechorwa juu yao mistari ya mgongo wa karo, vizuri kabisa. Miaka minane vilikuwa vimebeba karo bila kuishika.

Mama akaniuliza, "Fundi, ni tetemeko?"

Nikamwambia, "Tetemeko limesukuma, mama. Lakini karo hazikuwa zimeshikana tangu siku ile niliyoziweka. Kosa ni langu."

Niliirudia saloni nzima bila kuomba malipo ya mikono. Yeye alinunua kole, ile gundi ya karo. Yote ninayoandika hapa yanatoka kwenye sakafu ile.

Kuchagua

Mchanga wetu wa Goma ni mweusi na mkali, na unaingia nyumbani na kila kiatu. Karo inayong'aa kama kioo inapendeza dukani, lakini mchanga huo unakula mng'ao wake kwenye njia kati ya mlango na kochi, na baada ya miaka michache njia hiyo inaonekana kama kichochoro kilichofifia. Siku ya mvua mtoto akiingia na miguu yenye maji, anateleza. Kwa saloni na koridoo mimi nashauri porseleni isiyong'aa, rangi ya kijivu au ya udongo. Kwa dushi na barza, tafuta kwenye boksi alama R10 au R11. Namba ikipanda, karo inakamata mguu zaidi. Kama rangi imepakwa juu tu, tazama alama ya PEI, kipimo cha uso kuvumilia kuchakaa: 3 inatosha kwa chumba cha kulala, 4 kwa sehemu zinazopitwa na watu wengi.

Kila boksi lina namba ya tono, yaani kivuli cha rangi, na namba ya kalibra, yaani ukubwa halisi wa karo. Soma namba za maboksi yote kabla hujalipa. Niliwahi kuletewa maboksi matatu ya tono tofauti kati ya kumi na manne. Chini ya taa ya duka hakuna aliyeona. Jua la asubuhi lilipoingia dirishani, saloni ilikuwa na kiraka.

Hesabu yake ni nyepesi. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vipande vya kukata na vitakavyovunjika, unapata 22. Boksi la karo nne za 60 kwa 60 lina mita 1.44. Gawa, utapata 15 na kidogo, basi nunua 16. Boksi moja linakaribia kilo 30, kwa hiyo ni karibu nusu tani: lipa chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na umwambie mwenye chukudu asimamishe maboksi kwa ubavu, asiyalaze. Lava ya barabarani inavunja karo zilizolala.

Makuta (pesa) yakiwa machache, chukua karo ndogo zaidi, hata 30 kwa 30, lakini kole usiipunguze. Karo ndogo inasamehe sakafu isiyonyooka. 60 kwa 60 haisamehi.

Sakafu ya chini

Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya mawe ya lava yaliyojazwa na kusawazishwa, na mawe hayo yana nafasi kati yake. Kujaza kusiposhindiliwa vizuri, sakafu inakaa chini polepole na ufa unatokea. Kabla ya karo, zunguka chumba kizima na penseli. Kila ufa unaouona, weka mstari mdogo kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Subiri wiki kadhaa. Ufa ukivuka mstari wako, bado unatembea, na ukiufunika kwa karo utapanda hadi juu kufuata njia ileile. Ufa wa namna hiyo panga karo ili nafasi kati ya mbili ifuate mstari wake, ujaze silikoni badala ya sima. Ufa uliotulia unaufungua kidogo, unaujaza, unaendelea.

Shapi mpya, ile tabaka ya sima ya kusawazisha, iache siku 28. Mchanga wa volkano una matundu, unavuta maji ya sima. Uloweshe kwanza kabla ya kuuchanganya, la sivyo shapi inakauka kabla haijakomaa na inatoa unga. Ikwaruze kwa msumari: ukipata unga, hakuna kole itakayoshika. Kwa unyevu, gundisha kipande cha plastiki sakafuni usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone chini yake, ngoja.

Halafu chukua rula ndefu ya mita 2, ipitishe kila upande. Kwa karo kubwa, nafasi chini ya rula isipite milimita 3. Mabonde yajazwe kabla, yakauke. Fundi akikuambia "nitasawazisha na kole", ujue anarudi kwenye vitumbua.

Siku ya kuweka

Kwanza panga bila kole. Piga mistari miwili inayokutana katikati ya chumba, hakikisha pembe kwa sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na 100 kati ya ncha hizo. Kuta za Goma mara nyingi hazina pembe sawa, ukifuata ukuta utapotea. Sogeza mpango mpaka ukingoni kusibaki kipande chembamba kuliko nusu karo, na mlangoni jicho likutane na karo nzima. Karo ndefu za mfano wa mbao usizipange nusu kwa nusu, maana huwa zimepinda kidogo katikati. Zipishane kwa theluthi moja.

Kole ninayotaka ni ya unga, mfuko umeandikwa C2, alama ya kole inayoshika kwa nguvu zaidi, na kwa mji wetu unaotikisika natafuta C2 S1, kwa sababu S1 inakubali kupinda kidogo bila kuachia. Mfuko wa kilo 25 unanitosha mita 4 za mraba, kwa hiyo chumba chetu cha mita 20 kinataka mifuko mitano. Maji yatangulie kwenye ndoo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, unga ufuate. Koroga, iache dakika tano au kumi, koroga tena. Ikianza kugandamana usiiongezee maji. Itupe.

Chukua karo, futa mgongo wake kwa kitambaa chenye unyevu mpaka ule unga mweupe uishe. Kazi hii inawachosha vijana wangu kuliko zote na siwaruhusu kuiruka hata kwa karo moja. Kisha paka mgongo mzima kole nyembamba kwa upande wa mwiko ulionyooka. Sakafuni tandaza kole kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja. Weka karo, isukume mbele na nyuma kwa kukata mistari hiyo, ili ilale na kutoa hewa. Usitandaze zaidi ya karo mbili tatu mbele yako: upepo wa ziwani na jua la mlangoni vinakausha uso wa kole upesi. Igusie kidole, kama kidole hakichafuki, ikwangue utandaze nyingine.

Kila baada ya karo tano au sita, ninainua moja niliyotoka kuiweka. Mgongo wake lazima uwe umejaa kole, pembe zote nne, na mistari ya meno isionekane tena. Nikiona pembe kavu, nabadilisha mkono wangu hapo hapo. Mwenye nyumba, kaa karibu umwombe fundi akuinulie moja. Fundi anayejiamini hakasiriki.

Kwa kukata, porseleni inataka disiki ya almasi, na umwagie maji. Vumbi lake kavu linaharibu mapafu, kwa hiyo vaa maski hata kama ni kipande kimoja.

Nafasi za kupumulia

Hapa ndipo tetemeko linaposhindwa au kushinda. Watu wanapenda karo zigusane ili mstari usionekane. Zikigusana, sakafu ikisogea hakuna pa kwenda isipokuwa juu, kama nilivyoona Mabanga. Acha milimita 3 kati ya karo na karo kwa misalaba ya plastiki. Pembeni mwa kuta zote acha milimita 5 hadi 8 tupu kabisa, bila kole wala sima, maana plenti, ule ukanda wa karo chini ya ukuta, itafunika. Plenti yenyewe gundisha kwenye ukuta, isikalie karo. Kila mlango, na kila mita 8 kwenye koridoo ndefu, weka mstari wa silikoni. Dushi ipewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na mteremko huo utengenezwe kwenye shapi.

Saa 24 mtu asikanyage. Baada ya hapo gonga kila karo kwa mpini wa nyundo, moja baada ya nyingine, huku redio imezimwa. Iliyojaa inajibu kwa sauti fupi. Yenye utupu inalia kama mtungi. Ing'oe leo, kesho itakuwa kazi maradufu. Ndipo jaza mistari kwa sima ya rangi, ukivuta mpira kwa mshazari ili usiikwangue, na ufute kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Maji mengi yanafifisha rangi na kudhoofisha mstari. Rangi ya kijivu inavumilia vumbi letu. Asidi ya betri usimwage, inakula mistari.

Kabati na friji zisubiri wiki moja. Na maboksi yakibaki, weka karo tano au sita chini ya kitanda pamoja na karatasi yenye namba ya tono. Mwaka jana mama wa Mabanga alidondosha mchi kwenye saloni, karo moja ikapasuka pembe. Nilitoa ya akiba chini ya kitanda chake, lakini ile iliyopasuka ilinichukua saa mbili za nyundo na patasi kuing'oa, na kole ikabaki imeng'ang'ania vipande vyote. Mama alisimama mlangoni akaniuliza kwa nini safari hii ni kazi ngumu hivyo, nikamwonyesha mgongo wa kipande.